Mtwara hadi Unguja kwa ndege, watu sita, likizo ya Juni: tiketi moja mpaka mwisho au ndege mpaka Dar kisha boti?

Mama_Shangani

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi.

Tunataka kuwapeleka watoto Unguja likizo ya Juni, siku sita. Tupo sita: mimi, baba watoto, binti wa miaka 9, mvulana wa miaka 5, kitinda mimba ambaye siku ya kuondoka atakuwa na mwaka 1 na miezi 11 (atatimiza miaka 2 tukiwa huko huko), na bibi yao wa miaka 71. Bibi anatembea vizuri sehemu tambarare, ila magoti yanamtesa kwenye ngazi. Tunaanzia Mtwara mjini. Basi tumeshaliondoa kwenye hesabu, saa zote zile barabarani bibi hataziweza.

Ninachotaka kujua: nikate tiketi moja Mtwara–Dar–Zanzibar, au ndege iishie Dar halafu tupande boti? Huyu mdogo atahesabiwa vipi? Bibi atapandaje ndege? Na zawadi: wenyeji wetu wameomba korosho na ming'oko (ile mizizi ya porini ya kuchemsha), sijui kama vinapita. Tunafikiria kulala usiku mbili Mji Mkongwe na zilizobaki Paje. Naomba majibu ya wanaojua, si ya kubahatisha.

Wakala_Kusini

Marahaba mama. Nianze na mtoto, maana hilo ndilo litakalokugharimu usipoliweka sawa mapema.

Mtoto asiyetimiza miaka 2 hupakatwa, na nauli yake mara nyingi ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akishatimiza miaka 2 lazima awe na kiti chake na tiketi ya mtoto. Umri hauangaliwi siku ya kununua, huangaliwa siku ya kuruka. Kwa hiyo kwenda mtakuwa na viti vitano na mtoto wa kupakatwa, kurudi mtahitaji viti sita. Yapo mashirika yanayoruhusu apakatwe kwenda na akalie kiti kurudi, na yapo yanayotaka anunuliwe kiti safari nzima akitimiza miaka 2 katikati. Mtajie anayekukatia tiketi tarehe kamili ya kuzaliwa kabla hajaandika chochote. Ukinyamaza ukaandikiwa mtoto wa kupakatwa kwenda na kurudi, kaunta ya Zanzibar ndiyo itakayoligundua, na pale utauziwa kiti kwa nauli ya siku hiyo hiyo, kama kipo.

Sasa bei. Ndege moja huwa na madaraja kadhaa ya nauli ndani ya viti vile vile vya kawaida, na yale ya bei ya chini yana viti vichache. Ukitafuta watu watano kwa pamoja na daraja la chini limebakiwa na viti vitatu, mfumo hauwapi watatu bei ndogo na wawili bei kubwa. Huwapandisha wote watano. Kwa hiyo tafuta kwanza mtu mmoja, uone bei. Kisha tafuta watano. Kama bei ya kila mtu imeruka, rudi utafute watatu, halafu wawili, ukate kwa mafungu mawili. Ukifanya hivyo, hakikisha kila fungu lina mtu mzima na watoto wake, na uwaombe waandike kwenye kila tiketi kumbukumbu ya tiketi nyingine ili ratiba ikibadilika msitenganishwe. Juni shule zimefungwa, kwa hiyo usisubiri Mei.

Kwenye swali lako kubwa: kwa familia yenye bibi na mtoto mdogo, mimi ningekata tiketi moja mpaka Zanzibar, yaani namba moja ya PNR, zile herufi na tarakimu sita, yenye vipande vyote viwili. Sababu si starehe. Kipande cha Mtwara kikichelewa na tiketi ni moja, shirika lina wajibu wa kuwapeleka kwa ndege inayofuata. Zikiwa tiketi mbili tofauti, ndege ya pili inawahesabu hamkufika, na fedha yake huenda ikapotea yote.

Mzigo nao huenda moja kwa moja. Hapa kuna kitu cha kukagua kwa macho yako mwenyewe pale kaunta ya Mtwara: ile karatasi ndefu inayofungwa kwenye mshikio wa begi ina herufi tatu kubwa. Kwenda ziwe ZNZ. Zikiwa DAR, begi lako litashuka Dar na kubaki likizunguka kwenye mkanda huku ninyi mmeshavuka bahari. Kurudi ziwe MYW. Lisemee hapo hapo kabla begi halijaondoka mbele yako.

Muda wa kuunganisha Dar: usichukue chini ya saa moja na nusu hata kama mfumo unakuruhusu, na zaidi ya saa nne watoto watachoka. Ukilazimika kukata tiketi mbili tofauti, weka saa nne. Tena angalia jengo. Ndege za ndani za mashirika makubwa hutumia Terminal Two pale Julius Nyerere, lakini ndege ndogo nyingi za kwenda visiwani huondokea Terminal One, jengo la zamani, na kutoka moja kwenda jingine si mwendo wa miguu ukiwa na mabegi na mtoto mgongoni. Ni teksi.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawalijui. Ukishakata tiketi ya Mtwara–Dar–Zanzibar na kurudi, usiruke kipande. Kuna mtu atakushauri mkifika Dar mpande boti kwa raha zenu na kuiacha ile ndege ya Zanzibar. Mfumo ukiona hamkupanda kipande cha pili, hufuta vyote vinavyofuata, pamoja na vya kurudi Mtwara.

Baharia_wa_Msangamkuu

Namheshimu Wakala, na kwa habari ya kuruka kipande amesema kweli tupu. Ila boti isitupwe haraka hivyo. Kwa watu sita tofauti ya fedha ni kubwa, na Mtanzania mwenye kitambulisho hulipa nauli ya mwenyeji.

Hesabu yake ni hii. Ndege kutoka Mtwara hutumia kama saa moja hewani. Dar mtasubiri mabegi, weka nusu saa. Kutoka uwanja wa ndege mpaka bandarini ni kilomita kama 13, lakini Barabara ya Nyerere ikijaa, hizo ni saa moja na zaidi. Bandarini mfike saa nzima kabla ya boti, kwa sababu mabegi hupita kwenye mashine na foleni ya vitambulisho ni ndefu siku za likizo. Jumla ni saa mbili na nusu na zaidi, kwa hiyo kati ya muda ndege inapotua na boti inapong'oa nanga, acha saa tatu na nusu. Boti ya mwendo kasi hutumia karibu saa mbili kufika Malindi, bandari ya Unguja. Za mwisho huondoka alasiri, kwa hiyo mpango huu unafaa tu kama ndege yenu ya Mtwara ni ya asubuhi. Ikiwa ya mchana, hesabuni na chumba cha kulala Dar, na hapo nafuu yote imeliwa.

Halafu kuna kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Juni ni kusi iliyokolea. Kutoka Dar kwenda Unguja boti inaelekea kaskazini, upepo na mawimbi yanatoka nyuma, mtayumba lakini mtafika. Kurudi mnaupokea upepo usoni, boti inapiga mawimbi kwa kidevu, na hapo ndipo mifuko ya kutapikia inapogawiwa. Anayetaka kuchanganya, kwenda boti na kurudi ndege ndiyo busara, si kinyume chake. Tiketi zikatwe hivyo tangu mwanzo: ndege Mtwara–Dar kwenda, na Zanzibar–Dar–Mtwara kurudi.

Ndani ya boti kaeni chini, katikati kuelekea nyuma, kule kunakoyumba kidogo. Watoto wale kitu kikavu saa moja kabla, mkate au mihogo ya kuchemsha, si chai ya maziwa. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya safari. Ukishaanza kutapika haikai tumboni. Mwulizeni mfamasia kipimo cha hao wawili wakubwa. Huyo wa chini ya miaka 2 asipewe bila daktari.

Kwa bibi, ulizeni kuhusu daraja la kupandia. Maji yakiwa yamejaa huwa karibu tambarare. Yakitoka, mteremko wake ni mkali, na magoti hayapendi mteremko.

Kaunta_ya_Pili

Nijibu la bibi, maana naona limeguswa pembeni tu.

Mtwara hakuna lile daraja la kutoka jengoni mpaka mlango wa ndege. Mnatembea uwanjani, kisha mnapanda ngazi. Ndege za pangaboi aina ya Dash 8 Q400 zina ngazi yao wenyewe, fupi, vidaraja vichache na kishikio. ATR 72 hupandiwa nyuma, nayo ngazi yake ni fupi. Ikija Airbus A220, ngazi ni ndefu zaidi kwa sababu mlango uko juu. Ndege inaweza kubadilishwa siku ile ile, kwa hiyo msipange kwa kutegemea ile fupi.

Ombeni kiti cha magurudumu angalau saa 48 kabla. Ni huduma ya kawaida, hailipiwi. Cha muhimu ni maneno mnayotumia, kwa sababu kuna viwango vitatu vya msaada na kila kimoja kina herufi zake. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi ila hawezi kutembea mbali. WCHS hawezi ngazi. WCHC hawezi kabisa kutembea hata ndani ya ndege. Ukisema tu "mama yetu ni mzee" ataandikiwa WCHR, atasukumwa mpaka chini ya ngazi na kuachwa pale. Bibi wenu ni WCHS. Semeni "hawezi kupanda ngazi", na mwombe aandikiwe hivyo kwenye vipande vyote vinne, kwenda na kurudi. Kipande cha Dar–Zanzibar ndicho kinachosahaulika.

Viti. Q400 ina viti viwili kila upande, A na C kushoto, D na F kulia. Kwenda, mama ukae A umempakata mdogo na binti C, ng'ambo ya ujia baba na mvulana, na bibi mstari wa nyuma yenu upande wa ujia ili asikunje magoti. Kwenye A220 upande mmoja una viti viwili na mwingine vitatu. Mstari wa mlango wa dharura hamtapewa, watoto na anayehitaji msaada hawakai pale. Kelele za pangaboi ni kubwa kwenye mistari iliyo sambamba nayo. Nyuma kuna utulivu kiasi, kama mdogo ni mwepesi wa kushtuka.

Masikio humuuma mtoto ndege inaposhuka kuliko inapopanda. Mnyonyeshe au mpe chupa pale inapoanza kushuka, si magurudumu yanapogusa ardhi. Dar–Zanzibar ni dakika 20 hadi 25 tu, ikimaliza kupanda inaanza kushuka, kwa hiyo chupa iwe tayari mkononi tangu mnafunga mkanda. Akilala usingizi, mwamshe.

Sasa saa. Tiketi huandikwa kwa saa 24, na kila likizo kuna familia inayofika ndege imeondoka. 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi. Si saa saba mchana. Saa saba na dakika kumi mchana huandikwa 13:10. Andikeni kwa Kiswahili kwenye karatasi mbandike mlangoni: "Ndege saa 1:10 asubuhi, tutoke nyumbani saa 10:45 alfajiri." Kaunta hufunguliwa kama saa mbili kabla na hufungwa dakika 45 hivi kabla ya kuruka, muda kamili uko kwenye tiketi. Ikifungwa imefungwa, kwa sababu hesabu ya uzito wa ndege imeshapelekwa kwa rubani. Kumwona rubani bado yuko chini akizungumza hakubadilishi kitu.

Mama_Shangani

Ahsanteni sana, WCHS nimeiandika. Swali la vitambulisho: bibi kadi yake ya NIDA imepotea, ana namba tu, ila kadi ya mpiga kura anayo. Kwenye kadi hiyo ameandikwa majina mawili, NIDA matatu. Na watoto wana vyeti vya kuzaliwa, mmoja tu ndiye hana, ana tangazo la hospitali.

Kaunta_ya_Pili

Kadi ya mpiga kura inakubalika. Kanuni ni moja: jina kwenye tiketi lifanane na kitambulisho atakachokitoa pale kaunta, si na kile kilichopotea. Kwa hiyo tiketi ya bibi ikatwe kwa majina mawili ya kadi ya mpiga kura, herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed, Zainabu na Zainab, kwa mfumo ni watu wawili. Kukosea herufi moja huweza kurekebishwa, kubadilisha jina zima mara nyingi ni kununua upya.

Watoto, vyeti vya kuzaliwa. Huyo mwenye tangazo mfuatilieni cheti cha RITA sasa hivi, msingoje wiki ya safari, hasa kama ni yule mdogo, kwa sababu tarehe yake ndiyo inayoamua kupakatwa au kiti. Bebeni vyeti halisi na nakala, mifuko tofauti. Kama baba atabaki akawafuata baadaye, andikeni barua fupi ya kuruhusu watoto kusafiri, yenye saini na nakala ya kitambulisho chake. Si kila mara inaulizwa, lakini ikiulizwa hakuna muda wa kuitafuta.

Zanzibar hamhitaji pasi wala viza, ni nchi yenu, ila vitambulisho viwe mkononi mkishuka. Vitatumika tena kila mahali pa kiingilio, msitu wa Jozani na kisiwa cha Changuu kwa kobe, kwa sababu bei ya Mtanzania na ya mgeni ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mkaanga_Korosho

Korosho zinapita bila tabu, lakini ziwe zimebanguliwa. Ghafi msibebe hata kiroba kidogo. Korosho ghafi husimamiwa kwa stakabadhi ghalani, na mtu akionekana na ghafi safarini anaulizwa kama ni kangomba, yaani ununuzi wa korosho kinyume cha utaratibu. Zilizokaangwa, kwenye pakiti zilizofungwa kwa joto, kilo moja moja, ziwekeni katikati ya nguo ili zisivunjike vipande. Za chumvi zikipata hewa ya bahari siku mbili zinalegea, kwa hiyo msizifungue njiani.

Ming'oko ni suala la uzito na udongo. Ing'arisheni, iosheni, iacheni ikauke kivulini siku nzima, kisha fungeni kwa karatasi na kuiweka kwenye kiroba kikavu ndani ya begi. Ikifungwa na unyevu itaota ukungu kabla ya kufika. Mbichi ndiyo isafiri, iliyochemshwa huchacha. Kilo tatu au nne zinatosha nyumba moja, wapikiwe mara mbili.

Samaki mkavu na pweza mkavu, mfuko juu ya mfuko, juu yake ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko, na kiwe mzigo wa chini, si wa ndani ya ndege. Harufu ikitoka, begi linarudishwa. Mafuta ya nazi na asali, chupa isijazwe mpaka juu, funga mdomo kwa nailoni kabla ya kifuniko. Kumbukeni mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku bara tangu 1 Juni 2019, na Zanzibar walitangulia, kwa hiyo bebeni viroba na vikapu vya ukindu.

Uzito: nauli nyingi za kawaida za ndani ni kilo 23 za kuingiza chini na kilo 7 za mkononi, lakini soma tiketi yako, nauli ya bei ya chini kabisa huweza kuwa na pungufu. Kama kipande cha Zanzibar ni ndege ndogo, mara nyingi ni kilo 15 tu, tena begi laini lisilo na fremu, kwa sababu matundu ya mizigo ni madogo. Kinachotawala ni kipande chenye kiwango kidogo. Begi moja lisizidi kilo 32 hata kama jumla yenu inaruhusu, wabebaji hawalinyanyui. Pimeni nyumbani kwa ile mizani ya kuning'iniza. Kulipia kilo za ziada pale kaunta ni ghali kuliko korosho zenyewe.

Pawabenki iwe mkononi, kamwe isiwe kwenye begi la chini. Kikomo bila kuomba ruhusa ni 100 Wh. Ya 20,000 mAh ni kama 74 Wh, inapita. Ile kubwa ya 30,000 ni kama 111, inahitaji kibali cha shirika, na bila hicho itazuiwa. Kisu cha kumenyea, mkasi wa kucha mkubwa, vyote chini. Mtungi wa gesi wa kupikia chai ya mtoto, hata mdogo, uacheni nyumbani.

Wakala_Kusini

Naongeza kwenye mzigo wa kurudi: karafuu. Viungo vya kwenye pakiti za dukani, zawadi, ni sawa, na risiti mtunze. Karafuu kavu za kupima kwa kilo msinunue mtaani kuzipakia. Biashara yake inasimamiwa na serikali ya Zanzibar na kuitoa bila kibali ni magendo. Vifaa vya umeme navyo, risiti iwe mfukoni, forodha wataiuliza mkiingia bara.

Tena, Q400 na ATR zina makabati madogo juu ya viti. Lile sanduku gumu la magurudumu ambalo mtu hudhani ni la mkononi halitaingia, litachukuliwa chini ya ngazi. Dawa za bibi, nepi, vyeti na fedha visiwe ndani yake.

Mtu_wa_Mingoyo

Kwa wasomaji wa Lindi watakaofuata uzi huu: wengi wetu ndege tunapandia Mtwara, na ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Lindi mjini kupitia Mingoyo na Mikindani. Wekeni saa mbili na nusu za barabarani kama ni gari la abiria, kwa sababu linasimama. Ndege ya asubuhi maana yake ni kulala Mtwara, gari la alfajiri lisiaminiwe.

Na kitu kinachowahusu wote: ndege inayowachukua Mtwara kwa kawaida ndiyo iliyotoka Dar muda mfupi kabla. Kama haijaondoka Dar, hamtaondoka kwa wakati hata kama kaunta inasema kila kitu kiko sawa. Programu za kufuatilia ndege zinaonyesha. Ndege za kwanza za siku hazichelewi sana kama za jioni, kwa sababu ucheleweshaji hujikusanya kutoka safari moja hadi nyingine. Kurudi, msipange ndege ya Jumapili jioni kama kazi ni Jumatatu asubuhi. Mkikwama Dar, barabara ni zaidi ya kilomita 550, na Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, iliwahi kukatika kabisa kule Somanga.

Baharia_wa_Msangamkuu

Hakuna aliyegusa Paje, na kwa watoto wa Mtwara hili ni kubwa kuliko tiketi.

Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje, Bwejuu, Jambiani, maji yakitoka yanakwenda mbali sana, mpaka unabaki na mchanga, mashamba ya mwani na vidimbwi. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Yaani muda wote watoto wanaotaka kuogelea, bahari haipo. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, hayatoki sana na hayajai sana, na asubuhi ndiyo yanakuwa yamejaa. Tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kulipia chumba. Siku zenu nne za Paje zikiangukia maji mafu, mmepata. Zikiangukia bamvua, badilisheni: nendeni Nungwi au Kendwa kaskazini, kule mnaogelea maji yakijaa na yakitoka. Ni kama kilomita 60 kutoka mjini, saa moja na nusu kwa gari.

Mkibaki Paje siku za bamvua, asubuhi itumieni kutembea na watoto kwenye mashamba ya mwani, wakavae yeboyebo zenye kamba nyuma. Kuna wale viumbe wa miiba mirefu myeusi kwenye vidimbwi, na mwiba wake ukivunjikia unyayoni mtoto hatatembea siku tatu. Angalieni pia msiwe mbali maji yanapoanza kurudi. Yanarudi kwa kujaza mifereji iliyo nyuma yenu kwanza.

Kutoka uwanja wa ndege hadi Mji Mkongwe ni kilomita chache, daladala ya 505 inaelekea mjini, ila kwa bibi na mabegi chukueni teksi na mkubaliane bei kabla mlango haujafungwa. Nyumba nyingi za wageni Mji Mkongwe ni ghorofa zenye ngazi nyembamba za mbao, zimesimama wima. Ombeni chumba cha chini kwa bibi kwa maandishi wakati wa kulipia.

Mama_Shangani

Nimeangalia kalenda, siku zetu za Paje zinaangukia mwezi mpevu kabisa. Tutaenda Nungwi. Baba watoto amekubali tiketi moja mpaka Zanzibar. Swali dogo la mwisho: watoto wanagombania dirisha. Mtwara kwenda Dar upande gani una cha kuona?

Kaunta_ya_Pili

Kushoto, kiti cha A. Ndege ikifuata mstari wake ulionyooka, Kilwa na visiwa vyake vitakuwa kushoto, kisha mdomo wa Rufiji unapogawanyika mikono mingi kwenye mikoko, maji ya udongo yakiingia kwenye bahari ya bluu. Kulia mtaona Mafia, lakini kwa dakika chache tu. Mabawa ya Q400 na ATR yako juu ya madirisha, hayazibi chini, ila mistari ya katikati inazibwa na injini. Ombeni mstari wa nyuma. Mmoja akae A kwenda, mwingine F kurudi, maana mkigeuka pwani inahamia kulia.